Gari la Siti Mbili

Ukitaka kujua kwamba Mbeya nzima ni mafundi wa magari, tamka tu mbele za watu kwamba unatafuta gari. Mimi nilitamka ofisini, saa ya chai, chapati ikapoa mkononi nikipewa semina. Mwalimu wa hisabati akasema chukua IST, ile Toyota ndogo. Mwalimu wa Kiswahili akasema chukua IST. Mwalimu wa zamu, ambaye hata baiskeli hajawahi kumiliki, akasema IST ni gari, ila ukague gia boksi. Mimi na IST hatuna ugomvi. Shida ni kwamba mkopo niliopata Sakosi unanunua IST isiyo na injini.

Ndipo nikaangukia mikononi mwa madalali. Ukiwasikiliza hawa vijana utadhani wenye magari wote wa mkoa huu wanahama nchi. Kila gari linauzwa kwa sababu "mwenyewe anasafiri, Mwalimu." Anasafiri kwenda wapi bila gari? Hawasemi. Nikaonyeshwa Cresta iliyopakwa puti mpaka ikanenepa. Nikaonyeshwa Corolla ambayo ukifunga mlango wa mbele, wa nyuma unafunguka kuitikia. Nikaonyeshwa Noah iliyobeba abiria wa Mbalizi mpaka siti zikashika maumbo yao.

Halafu kijana mmoja akanipigia simu. "Shikamoo, Mwalimu. Nimekupatia chombo ambacho Mbeya hii hakuna mwingine anacho." Kwa hilo peke yake hakudanganya.

Lilikuwa limeegeshwa Isyesye, chini ya mparachichi. Mbele ni Suzuki Escudo. Nyuma ni salun. Katikati hakuna kitu. Ni kama mtu amechukua kiatu cha shule cha mtoto akakifunga matairi ya Escudo. Milango miwili, siti mbili, buti, basi. Nikazunguka nyuma kutafuta siti nyingine, nikidhani zimekunjwa. Hazikukunjwa. Hazikuzaliwa kabisa.

"Hii inaitwa Suzuki X-90, Mwalimu," akasema dalali. "Hii ni sport."

Namba yenyewe ni A. Kwa wasiofuatilia, gari la namba A limeingia nchini kabla wanafunzi wangu wa darasa la saba hawajazaliwa. Bei milioni sita na nusu, maongezi yapo.

Nikarudi nyumbani, nikasoma. Kumbe chombo kina historia. Suzuki walikionyesha Tokyo mwaka 1993, wakaanza kukiuza 1995, ilipofika 1997 wakaacha kukitengeneza. Miaka miwili. Hata mimi diploma yangu ya ualimu ilichukua muda huo, lakini angalau baada ya hapo nilipangiwa kituo. Japani kwenyewe walioinunua hawakufika watu elfu mbili. Uingereza, Red Bull walizichukua baadhi wakazibebesha kopo kubwa la kinywaji mgongoni zizunguke kutangaza biashara. Yaani mahali pa kuweka abiria, wao wakaweka kopo, na likakaa vizuri.

Lakini chini ya ule utani kuna gari. Chasisi yake ni ya Escudo ya milango miwili, ile tunayoijua wote, chasisi ya chuma iliyojitenga na bodi. Injini ni 1.6, silinda nne, valvu kumi na sita. Fo-wili ipo, yaani magurudumu yote manne yanavuta, na mti wake wa pili wa gia, na low, ile gia nzito ya mwendo wa polepole. Hapo nikaanza kupata wasiwasi wa kulipenda, nikaenda kumtafuta fundi.

Fundi wangu ana gereji Mwanjelwa na hasemi sana, kitu ambacho kwa fundi ni sawa na cheti. Tulifika Isyesye saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba. Wenye kuijua Mbeya ya mwezi wa saba wanajua asubuhi hiyo ukishika bomba la maji unasalimiana na marehemu. Fundi akaweka kiganja juu ya boneti. Ya moto.

"Kijana ameiamkia," akasema.

Dalali akaapa kwa Mungu kwamba ni jua. Jua lenyewe lilikuwa bado liko Makambako.

Fundi akavuta kigoda. Akasema injini ikishapashwa inaficha mambo yake, tunasubiri ipoe. Tukasubiri. Tukanywa chai ya watu. Dalali akatembea huku na huko akiongea na simu isiyo na mtu. Ilipopoa, fundi akaiwasha. Ikashika mara moja, ikatoa moshi wa bluu kidogo, ukakatika. Akasema hizo ni sili za valvu, oili inachuruzika usiku gari likilala. Si msiba, ila ni hela. Angeuona moshi huo hauishi hata injini ikiwa imechangamka na ukikanyaga mafuta, angeniambia tuondoke bila kuaga.

Akafungua mfuniko wa rejeta, akaugeuza, akanionyesha raba iliyokauka ikapasuka. Hapo ndipo aliponifundisha mimi, mwalimu wa sayansi wa miaka yote hiyo. Mji huu uko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94, si 100. Ule mfuniko ndio unaobana presha ili maji yasichemke mapema. Ukichoka, mlima wa kwanza tu wa kwenda Chunya unakusimamisha, na watu wanapita wanakupungia. Mfuniko ni hela ndogo. Silinda hedi iliyopinda si hela ndogo.

"Na hizi farasi 95 walizoandika," nikamuuliza, maana nami nilitaka nionekane nimesoma, "zote zipo?"

"Zilihesabiwa usawa wa bahari, Mwalimu."

Hewa ya huku nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia unazopanda. Nikapiga hesabu palepale. Farasi kama kumi na tano wameshukia Dar es Salaam, hawakuja Mbeya kabisa, na mimi ninauziwa kwa bei ya zizi zima.

Tukaja kwenye paa, na hapa mnisikilize. Paa la gari hili ni vioo viwili vinavyotoka. Unafungua, unaviweka kwenye buti, unabaki na mhimili mmoja katikati na mbingu pande zote. Dalali akasema, "Hiyo ni ya kufungua upate upepo, Mwalimu." Upepo! Mimi nimevaa sweta, juu yake koti, juu yake kanzu ya marehemu baba, halafu mtu ananiuzia upepo. Mjini kwetu upepo unaingia bure hata ukiwa umefunga dirisha.

Fundi hakubishana. Akaomba ndoo ya maji, akaimwaga juu. Upande wa dereva pakakaa pakavu. Upande wa abiria mvua ikanyesha ndani, tena ile ya Tukuyu. Mipira imekufa, na mipira hiyo haipatikani kwa mwenye duka la spea yeyote hapa mjini, kwa sababu ni ya gari hili tu. Huo ndio ubaya wake, na ni vizuri nikauandika wazi kwa mwenzangu atakayeonyeshwa jingine: vya chini vyote ni ndugu wa Escudo. Plagi, mkanda wa taimingi, klachi, bushi, unaenda Mwanjelwa unarudi navyo kabla ya mchana. Vya juu havina ukoo. Bajaji ikikugonga nyuma taa ikavunjika, utafungua atlasi. Kwa hiyo gari hili unalikagua bodi kwanza, injini baadaye. Injini utapata ya kubadilisha, lakini kioo cha paa utamwazima nani?

Fo-wili tuliijaribu kwenye kijito nyuma ya shamba la mahindi. Ikapanda vizuri, fupi kama ilivyo, haina tumbo la kukwama. Fundi akanionya nisije nikaiweka fo-wili kwenye lami kavu kwa kujionyesha: haina difu ya kati, kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka mwendo tofauti, yanabishana, na kwenye ubishi huo kinachokatika ni changu.

Sasa mnajua kila kitu kibaya kuhusu gari hili. Niwaambie kwa nini nilirudi nyumbani natabasamu.

Nina jirani mwenye IST. Ile IST wanayoiimba ofisini. Siti tano. Tangu ainunue, hajawahi kwenda anakotaka. Mama wa mtaa wa pili akishikwa uchungu, IST. Msiba Igawilo, IST, na anarudi usiku na watu saba na sufuria mbili. Jumapili kwaya inapakia kinanda na spika, yeye mwenyewe anaenda ibadani kwa miguu. Mafuta? "Tutakuona, kaka." Wamemwona, ndiyo, wanamwona kila siku, ila hawajamwonyesha kitu. Na kukataa hawezi, maana siti zipo, kila mtu ameziona, na mtu mwenye siti tupu akikuacha barabarani huyo si mtu wa kuishi naye.

Lakini mimi, ndani ya X-90, ukinisimamisha pale Kabwe nitashusha kioo kwa masikitiko makubwa. "Kaka, unaona mwenyewe." Ataona mwenyewe! Hakuna pa kukaa. Nimekunyima bila kukunyima. Wajapani waliwauzia watu wanaotaka siti, ndiyo maana hawakununua. Walipaswa kuja Mbeya. Na akina mwalimu wa zamu wanaokaa Uyole, ambao tayari walishaanza kuniita "dereva wetu," wangeendelea na daladala na heshima yetu ingebaki palepale.

Ile siti ya pili nilishapanga: nitaiwekea mkoba.

Mke wangu alipokuja kuliangalia hakuuliza injini wala mwaka. Anauza mchele wa Kyela sokoni, kwa hiyo akaenda moja kwa moja kwenye buti, akalipima kwa dhiraa, akasema magunia mawili na moja la nusu likilazwa kwenye siti. Kisha akakaa kwenye usukani, akasogeza siti mbele, akaweka kioo usawa wake. Huyu mama ana leseni kabla yangu. Aliipata akiendesha Kirikuu ya kaka yake, na akirudi nyuma kuegesha haulizi mtu.

"Watoto watakaa wapi?" nikamuuliza, ili lisije likawa langu baadaye.

Dalali akadakia. "Mama, watoto wanaenea hapa nyuma ya siti."

"Hapo ni kwa pochi," mke wangu akasema. "Watoto wana miguu. Bei gani?"

"Milioni sita na nusu, mama, maongezi yapo."

"IST nzuri ni kiasi gani?"

"Kumi hivi, mama, ukibahatika."

"Siti tano kwa milioni kumi, kila siti milioni mbili. Hizi mbili ni milioni nne. Na moja inavuja, toa laki tatu."

Nimefundisha sayansi miaka mingi na sijawahi kuona jedwali likieleweka haraka namna ile. Dalali akafungua mdomo akafunga. Akasema lazima ampigie mwenye gari, yuko safarini. Akapiga. Simu ikaita, tukaisikia ikiita nyuma ya ua, na msafiri wetu akatoka nyumba ya pili amevaa ndala, mswaki mdomoni.

Tukamalizana kwa milioni nne na laki mbili, na mfuniko mpya wa rejeta juu yake. Kadi ni yenyewe, jina ni lake, fundi akalinganisha namba ya chasisi na ile ya kwenye kadi, tukaandikiana mkataba kwa mwanasheria wa mtaani na mihuri yake yote. Mimi moyoni niko kwenye siti yangu kavu, mkoba wangu pembeni, nateremka Mafiati peke yangu na masikitiko yangu.

Hatujatoka kwa mwanasheria, simu ya mke wangu ikaita. Mama mkwe, Tukuyu. Sijui nani anawapelekea watu habari, maana sisi wenyewe funguo tulikuwa hatujazizoea. Anataka Jumamosi aje achukuliwe, aletwe mjini kliniki ya macho, na ana mkungu wa ndizi.

Nikachangamka. Nikashusha sauti ya masikitiko, ile niliyokuwa nimeiandaa kwa ajili ya watu wa Kabwe. "Mwambie mama tungependa sana, lakini gari lenyewe lina siti mbili tu."

"Ndiyo zinatosha," mke wangu akasema. "Mimi naendesha, mama anakaa."

"Na mimi?"

"Wewe utabanana vipi bega kwa bega na mama mkwe wako? Si heshima." Akaninyang'anya funguo taratibu, akazitia kwenye pochi. "Coaster za Tukuyu zinapita Uyole tangu alfajiri. Utatutangulia kwenda, ukamsaidie kubeba mkungu. Na ukifika kabla yetu, waambie tuko njiani."