Mombasa twende, lakini tuwatafute wapagazi

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kikao cha wazazi tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, nikatoka na karatasi ambayo haijanipa amani mpaka leo. Ni ratiba ya safari ya kidato cha tatu: Tanga hadi Mombasa kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kuona maeneo ya Vita Kuu ya Kwanza. Basi liondoke saa tisa usiku. Horohoro, Lunga Lunga, feri ya Likoni, kisha vituo sita ndani ya saa saba, na humo humo saa moja na nusu ya manunuzi.

Sipingi safari, na walimu walioipanga nawaheshimu, maana wameipanga kwa muda wao wenyewe. Mtoto wa Tanga ana haki ya kuvuka mpaka akasikie vita vya mlangoni kwao vikisimuliwa na upande wa pili. Jenerali Aitken wa jeshi la Waingereza alikutana na wakubwa wenzake Mombasa tarehe 31 Oktoba 1914, kisha meli zilizobeba jeshi lake kutoka India zikaja kushusha watu hapa kwetu Raskazone. Basi letu litakuwa linairudia njia ile kinyumenyume. Hilo peke yake lingetosha kuwa somo.

Kilichonichoma ni ile orodha ya vituo. Makaburi ya Mbaraki, mizinga ya Fort Jesus, sanamu ya askari, na kwenye kila kituo majina ya maofisa wa kukariri. Neno wapagazi, yaani wale waliobebeshwa mizigo ya majeshi, halimo hata mara moja. Nilipouliza, mwalimu alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, wapagazi hawana makaburi. Tutawaonyesha watoto nini?"

Nilinyamaza kikaoni. Sasa najibu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Muheza. Tangu nikiwa mdogo nilimsikia akisema baba yake "alichukuliwa". Hakusema amekufa, wala hakusema amepotea. Alichukuliwa wakati wa vita, bibi akiwa bado mgongoni kwa mama yake, na nyumbani hapakuwahi kuwekwa matanga kwa sababu hakuna aliyeleta habari. Mpaka leo hatujui kama ni Wajerumani waliomchukua au ni Waingereza walioingia Tanga Julai 1916. Kwa aliyefungiwa mzigo kichwani, sidhani kama tofauti ilikuwa kubwa.

Na hakuwa peke yake. Wanahistoria wanakadiria kuwa upande wa Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa wanakaribia 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na baridi ya kulala nje mvua ikinyesha. Upande wa Wajerumani hata hesabu hazikuwekwa vizuri. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps; jina hilo tuliligeuza kuwa Kariakoo, tukalipa soko, na sasa tunapanda daladala za Kariakoo bila kufikiri tunamtaja nani.

Kwa hiyo mwalimu anaposema hakuna cha kuonyesha, namwomba asimame na watoto mbele ya ule mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani, pale Fort Jesus. Meli ile ilizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar Septemba 1914, ikaenda kujificha Rufiji, nayo ikaishia huko Julai 1915. Mizinga yake ikatolewa majini ikaendelea kupigana nchi kavu miaka kadhaa. Ilifikaje nchi kavu? Haikuwa na miguu. Ilivutwa kwa kamba na mamia ya watu, kwenye matope ya mikoko na porini, hadi Dar es Salaam ambako ilifungiwa magurudumu. Mtoto akiugusa mzinga ule aambiwe hivyo, aachwe dakika tano afikirie mabega ya watu wale. Hapo wapagazi wameonekana.

Kisha wapelekwe kwenye sanamu ya askari. Maandishi yake yapo pia kwa Kiswahili, watoto watayasoma wenyewe bila mkalimani. Yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayekufa akipigania nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Waambieni walitafute jina hata moja la mpagazi. Halipo. Mwaka 2021 tume yenyewe ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwenye makaburi ya Mbaraki kuna mawe yaliyotunzwa vizuri, na waliolala pale walikuwa watoto wa watu, waombewe. Lakini mwanafunzi akipelekwa kwenye mawe tu, atarudi Tanga akiamini kwamba waliokufa ni wale wenye mawe.

Nakubali siku moja ni fupi. Ndiyo maana vituo vitatu vinatosha, na manunuzi yafutwe. Hati za kusafiria za dharura na kadi za homa ya manjano zishughulikiwe mwezi mzima kabla, na bima ya COMESA, ile ya gari kuvuka mpaka, ikaguliwe na mzazi anayejua kusoma bima. Mwaka juzi nilisindikiza kundi jingine tukakaa mpakani saa nne kwa ajili ya karatasi moja.

Na kabla ya yote hayo, watoto watembee Tanga yao. Kila mtoto hapa anajua habari ya nyuki waliowavamia Waingereza, na ni kweli nyuki walikuwepo. Lakini ni wangapi wametoka Raskazone kwa miguu hadi stesheni, wakaelewa kwamba Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashinda watu 8,000 wa Aitken akiwa na kama 1,000 kwa sababu reli ya Usambara ilimletea askari kutoka Moshi kwa wakati? Ni wangapi wameingia makaburi ya Sakarani, walikozikwa askari Waafrika pamoja na Wajerumani? Asubuhi moja inatosha, na nauli yake ni ya daladala.

Nimemwandikia mwalimu mkuu yote haya, na nikaongeza ombi moja: kila mwanafunzi aulize kwao kama kuna aliyechukuliwa, aandike jina, aende nalo Mombasa akalisome kwa sauti mbele ya sanamu ile.

Binti yangu hakungoja jibu. Jana usiku alimpigia shangazi yake Muheza. Wameongea karibu saa nzima. Kumbe siku ile walichukuliwa wanne kwa pamoja, wote wa kitongoji kimoja. Shangazi anawakumbuka watatu kwa majina, akiwemo baba yake bibi. Binti ameyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la safari, na mstari wa nne ameuacha wazi mpaka ampate mzee mmoja wa kule ambaye huenda analijua.