Nilivyomkamata Bibi wa Watu Salem

Mke wangu ana tabia ya kunipangia kazi akiwa ameshashika kitasa cha mlango. "Leo ndiyo Halloween yenyewe. Mpeleke mdogo wangu Salem akaone. Na umrudishe mzima." Huyo, kaenda zake zamu ya usiku ya kutunza wazee. Mimi ndiyo kwanza natoka ghalani, hata kizibao cha reflekta sijavua.

Shemeji alikuwa mgeni wetu hapa Marekani kutoka Unguja, na hiyo Halloween, usiku wa Oktoba 31 ambao watu hujivika kama mazimwi, hakuitaka kabisa, wala huo mji wa Salem, jirani na Boston. Vazi la mifupa alilonunuliwa na dada yake aliligeuzageuza kama samaki wa juzi. "Shemeji, mifupa nnayo ndani inanitosha." Ikabidi nitumie historia. Nikamwambia Salem na Unguja wanajuana tangu zamani: merikebu za kule zikija kwetu kuchukua pembe za ndovu na sandarusi, zikishusha vitambaa vya merikani, na hata konseli wa kwanza wa Marekani Zanzibar, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem.

"Kwa hiyo tunakwenda kudai?"

"Ndiyo."

Akavaa.

Kutoka Boston, pale North Station, treni inachukua kama nusu saa. Kwa gari usithubutu. Mji wenyewe una watu 40,000 na ushee, halafu Oktoba wageni wanapita milioni. Na usidhani ni mambo ya watoto na peremende. Watoto wapo, lakini wanaotia fora ni watu wazima na akili zao: mzee mwenye mvi kajifunga mbawa za popo, mama wa makamo kajipaka uso kijani, yuko foleni ya baa na ufagio wake.

Likapita gari la polisi, ubavuni limechorwa mchawi kapanda ufagio. Si mzaha, ndiyo nembo yao. Shemeji akasimama kulitazama mpaka likapotea. "Sasa hapa mtu akirogwa anashtaki wapi?"

Nikamweleza ya 1692: watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na mzee mmoja, Giles Corey, akalundikiwa mawe mpaka akafa kwa kuwa alikataa kujibu mashtaka.

"Na walikuwa wachawi kweli?"

"Hata mmoja."

"Na leo mji unauza kofia za wachawi."

"Tena kwa bei ya kuruka."

Akatikisa fuvu.

Basi kumbe, katika halaiki ile ya mazimwi, mwenye reflekta ndiye serikali. Wa kwanza kunivamia alikuwa malaika anayetafuta choo. Mimi nakijua? Nikamwonyesha upande ambao watu walikuwa wanarudi na nyuso za raha. Akaja mwenye gari anaulizia pa kuegesha, wakaja vampaya wawili wamempoteza wa tatu. Mhubiri mmoja aliyekuwa anatutangazia kwa kipaza sauti kwamba sote tutaungua alipoona kizibao akashusha sauti, akaniuliza kama anaruhusiwa kusimama pale. Nikampa dakika tano. Madaraka matamu, jamani.

Nageuka, Shemeji hayupo.

Mifupa ilikuwepo, tena tele: mirefu, minene, mingine inakula soseji. Laini ya simu ya huku hana. Fataki zimeshapigwa, umati wote unaelekea steshini, na mke wangu ananiandikia: "Nitumie picha yenu." Nikamwona! Kimo kilekile, mabega yaleyale, kasimama mbele ya kioo cha duka anakodolea macho kofia za wachawi. Nikamdaka mkono.

"Twende zetu bwana, treni itatuacha! Dada yako ataniua mimi!"

Akanifuata bila neno. Nikajua amenuna, nami sikumwonea huruma. Njia nzima namshushia: mgeni gani asiyetulia, Unguja ulikuwa unapotea hivihivi, kesho hutoki ndani. Nyuma yetu mtawa mwenye joho la kahawia alikuwa anakimbia anapiga makelele. Salem usiku ule, nani anageuka kwa makelele?

Tukafika kwenye taa za steshini. "Haya, vua hilo fuvu nimpigie picha dada yako." Akaanza na glavu. Vikatoka vidole vyembamba vya makunyanzi, kucha nyekundu, pete ya ndoa. Halafu likatoka fuvu, na chini yake nywele nyeupe pe, na bibi wa Kimarekani, si chini ya miaka sabini, macho yamemtoka.

"Afande, nimekosa nini?"

Mtawa naye akafika, anahema, kakumbatia mkoba wa kike. "Mke wangu alikuwa anaangalia kofia tu!"

Nikasema nilidhani ni shemeji yangu. Bibi akanitazama juu mpaka chini. Akaniuliza ile lugha ya kugombeza ni ya wapi, maana miaka yote ya ndoa hajawahi kugombezwa vizuri vile. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mtawa hakucheka. Bibi akalazimisha tupige picha, mimi na yeye, mumewe nyuma na mkoba. Ndiyo picha pekee niliyokuwa nayo usiku ule, na sikuthubutu kuituma.

Nikavua kizibao, nikakitia kwapani, nikarudi mjini nikipishana na umati. Shemeji nilimkuta Essex Street chini ya taa, kazungukwa. Kofia yake ya kiua kaiweka chini imetazama juu, imejaa dola. Anasimama kama sanamu, mtu akisogea kupiga picha, mifupa inanyoosha mkono unaotetemeka na kumwambia kwa sauti ya kaburini, "Shikamoooo!" Watu wanapiga ukelele, kisha wanalipa.

"Umenitia roho juu! Dada yako..."

"Shemeji, usinikatize, nipo kazini." Akakiona kizibao kwapani. "Hebu kivae hicho uwapange mstari. Wale wa nyuma wanasukumana."

Nikakivaa.