TAHADHARI: 4c 8c 12c
Nilipokabidhiwa faili la makro (yaani amri za kompyuta tunazojitungia wenyewe) linalopanga vitabu vya maelekezo ya pampu za maji tunazouza, nililikuta limejaa majina ya herufi mbili mbili yasiyoniambia kitu, nami nikaapa kuyaswahilisha. Tulikuwa tukitumia groff, programu ya kupanga kurasa za kuchapwa, mrithi wa ile troff ambayo Joe Ossanna aliiandika katika maabara ya Bell Labs katika miaka ya 1970, na ingawa groff inakubali majina marefu, niliona ni adabu kufuata desturi ya wazee. Basi makro ya kuchapa onyo kwa herufi nzito ndani ya kisanduku nikaiita “ta”, yaani tahadhari.

Mtangulizi wangu alikuwa ameacha mstari mmoja mwanzoni mwa faili: “Herufi ndogo ni za mashine, herufi kubwa ni zetu.” Nilidhani anazungumzia urembo.

Kumbe “.ta” ni amri ya troff yenyewe, ndiyo inayoiambia mashine kila safu ya jedwali ianzie umbali gani kutoka ukingoni. Amri na makro huandikwa katika daftari moja la majina, na anayeandikishwa mwisho humfuta wa kwanza bila programu kupiga hata chafya. Majedwali yetu yote yalikuwa yamepangwa kwa mkono, kila moja likitanguliwa na “.ta 4c 8c 12c”, hiyo c ikiwa ni sentimita. Tangu siku ile, mashine ilipoufikia mstari huo haikupanga safu yoyote, bali ilichora kisanduku, ikaandika ndani yake TAHADHARI: 4c 8c 12c, kisha ikazimwaga tarakimu za jedwali chini yake zikiwa zimebanana kama abiria wa daladala la jioni. Mimi nilikagua kurasa za maonyo peke yake, ambazo kwa kweli zilipendeza, nikapeleka kazi kiwandani zichapwe nakala 200. (Nashukuru tu kwamba makro ya “soma” sikuipa jina la “so”, maana hiyo ni amri ya kuingiza faili jingine zima.)

Simu ya kwanza ilitoka kwa fundi wa Kibaha, aliyetaka kujua kama sentimita hizo azipime kuanzia kwenye mota au kwenye bomba. Huyo angalau kipimo alikipatia.

Ya pili ilitoka Njombe, kwa mzee mmoja mkulima wa viazi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo baridi ya 4c mliyotuonya nimeielewa, asubuhi za mwezi wa saba huku tunaifahamu. Lakini mkinikataza mpaka 12c, shamba nitalimwagilia saa ngapi?”

Ikabainika kwamba kila jioni alikuwa akiifunika pampu kwa blanketi, yeye na mkewe wakibaki na shuka.

Makro nikaiita “TA”, kwa herufi kubwa, vitabu vikachapwa upya, na meneja akanitazama kwa wiki nzima bila kunisemesha. Kisha nikampigia yule mzee kumwomba radhi na kumweleza kwamba lile lilikuwa kosa la uchapaji, na pampu haina ugomvi wowote na namba zile. Alinisikiliza kwa subira hadi mwisho, akanijibu kwamba blanketi litabaki palepale, kwa kuwa tangu aanze kuifunika haijamsumbua hata siku moja, halafu akaniuliza kwa upole kama mimi nimesomea pampu au nimesomea vitabu.