Bahari Iko Nyuma ya Pazia

Mtu wa Dodoma akitumwa Unguja kikazi, ukoo mzima umetumwa. Sijafunga hata begi, mke wangu kashaagiza karafuu, watoto wameagiza makombe ya baharini, na mama mkwe, ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya Bwawa la Hombolo, ananiita pembeni.

"Mkwe wangu, nasikia kuna maji hayana ng'ambo. Nipigie picha niyaone kabla sijafa."

Mkwe akishataja kufa, mjadala umefungwa. Nikaahidi. Tena nikajiona nimepewa kazi rahisi: siku tatu, kisiwa kimezungukwa na bahari pande zote, simu yangu ina kamera tatu. Nitaikosaje?

Semina yenyewe ilihusu mfumo mpya wa kuomba ruhusa ya safari za kikazi. Ndiyo, tulisafiri kikazi kwenda kujifunza kuomba kusafiri kikazi. Ukumbi ulikuwa ufukweni kabisa, ukinyamaza unasikia mawimbi. Ila mapazia yalifungwa tangu asubuhi, maana projekta haipendi mwanga. Mimi nikakaa dirishani makusudi. Kila nikifunua pazia kidogo, mwezeshaji ananikodolea macho kama mtoto aliyefunua chungu cha wageni. Chumba nilicholala nacho walisema kinatazama bahari. Kinatazama, sikatai. Sema tu kati yake na bahari kuna tangi la maji, jenereta na kamba ya kuanikia mashuka.

Jua la Unguja linazama saa kumi na mbili na ushei. Mwezeshaji alisema "dakika tano tu tunamalizia" saa kumi na moja na nusu, na dakika hizo tano zikaisha saa moja kasoro. Nikatimua mbio hadi Forodhani, kitambulisho kinanipiga kifuani. Vijana wa makachu, wale wanaojirusha baharini kwa sarakasi kutoka ukutani, walikuwa wanafungasha. Picha ninayo: giza, na mgongo wa mtu anayevaa shati. Nikajiliwaza kwa urojo, nikalala.

Siku ya pili Mungu akanifungulia mlango. Mgeni rasmi wa kufungua semina (siku ya pili, ndiyo, usiniulize) alipata dharura, tukaambiwa tusubiri hadi saa sita. Nikamvuta mwenzangu wa manunuzi, tukakodi teksi kwenda Paje, upande wa mashariki, kilomita karibu 50. Tulipofika Jozani dereva akasimama. Kima punju wanavuka barabara, kwa mwendo wa watu waliokwishalipwa posho. Mwenzangu akashuka kuwapiga picha. Dakika kumi na tano! Nikamuuliza: kwani wewe mkweo kaagiza kima?

Tukafika saa nne. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikainua simu.

Bahari haipo.

Sisemi ilikuwa mbali kidogo. Haipo! Mchanga, madimbwi, ngalawa zimelala ubavu kama punda waliochoka, na kule mwisho wa macho kamstari keupe ka mawimbi. Nikaanza kuifuata. Nikatembea, nikatembea, nikakanyaga kitu chenye miiba ambacho hadi leo sijui jina lake. Njiani nikawakuta kina mama wameinama, wanafunga mwani kwenye kamba zilizoshikwa na vijiti. Huko Paje na Jambiani wanalima zao hilo tangu 1989.

"Shikamoo mama. Samahani, bahari imekwenda wapi?"

Akaniangalia kuanzia kitambulisho cha shingoni hadi suruali iliyokunjwa.

"Marahaba. Bamvua hili, mwanangu, maji yamekupwa. Njoo saa kumi, utayakuta pale penye minazi."

Saa kumi! Saa kumi mimi niko kwenye kazi za makundi, nimeshika kalamu ya bluu mbele ya karatasi kubwa, naandika "changamoto". Nikaomba basi nimpige picha yeye na shamba lake. "Hapana, miye sijajitengeneza." Ana haki. Mimi mwenyewe mtu akinipiga picha nikiwa nafunga hesabu za mwisho wa mwezi, tunagombana. Nikapiga mchanga.

Teksi nzima kurudi, dereva akanifundisha. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kama dakika hamsini. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndipo bamvua: yanajaa mno, yanakauka mno. Katikati ya hapo ni maji mafu. Watoto wa Paje wanayajua haya kabla ya kujua kusoma, mimi nina shahada mbili nimekuja saa nne. Na kitu kilichoniuma ni kwamba bahari ina ratiba, na inaifuata. Haijawahi kupata dharura.

Siku ya tatu, saa kumi na nusu, tukatolewa nje kwa picha ya pamoja. Jamani! Maji yamejaa hadi ngazini, rangi ile ya kwenye kalenda. Nikajipanga mstari wa nyuma, karibu nayo. Ndipo wakaja vijana wawili na bango la mita nne, lenye jina la semina na nembo tano, wakalisimamisha nyuma yetu. Bahari yote ikaingia nyuma ya bango. Nikachomoa simu nipige yangu pembeni: nafasi imejaa. Siku tatu nilikuwa napiga picha slaidi. Nikaanza kufuta moja moja, na nilipoinua kichwa nikaitwa kusaini fomu ya mahudhurio. Nilipotoka, giza.

Kesho yake kwenye boti ya kurudi Dar kioo kilikuwa na chumvi, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika mfuko wa kutapikia. Tuyaache hayo.

Nyumbani mama mkwe alivaa miwani, akaketi. Ya bango aliipita: "Hawa siwajui." Akafika ya Paje. Aliitazama muda mrefu, mchanga, madimbwi, ngalawa zile zimelala ubavu.

"Hii si Hombolo mwezi wa kumi?"

"Hapana mama, hiyo ni bahari, sema maji yalikuwa…"

Akavua miwani. "Siku tatu zote ulikuwa hapo Hombolo? Kwa nani?"

Mke wangu akazima jiko, akaja sebuleni anajifuta mikono. Akauliza karafuu ziko wapi.

Nilisahau kununua.