Umekata Tapeti Kava, Sasa Izungushe Hiyo Gia

Juzi nimeoneshwa picha ya injini ya Honda B16A inayong'aa mpaka inaumiza macho. Tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya valvu, imepakwa rangi nyekundu, upande wa taimingi belti umekatwa wote, na gia mbili za kemshafti (shafti zinazofungua valvu), zile za kurekebisha, zimekaa wazi na ubluu wake. Sifa chini ya picha hazikuwa na mwisho. Nikaikuza. Alama za gia zote mbili ziko kwenye sifuri. Boliti zake hazina hata mkwaruzo, rangi ya kiwandani haijaguswa na spana. Yaani mtu ameshika grainda, amekata kava nzima, ili akifikie kwa urahisi kitu ambacho hajawahi kukifikia.

Hongera sana.

Nisieleweke vibaya, mimi siye wa kulia kwamba kava imeharibiwa. Kukata kuna maana. Kwenye injini za Honda za familia ya B, tapeti kava haiishii pale mafuta yanapoishia, imerefushwa ikafunika na sehemu ya juu ya gia. Ukitaka kusogeza gia digrii moja tu, ni kuchomoa waya za plagi, kutoa mpira wa hewa, kufungua nati zote na kuinua kava injini ikiwa ya moto. Mafuta yanadondokea ekzosi, moshi unapanda, gasketi nusu inakuja na kava na nusu inabaki kwenye silinda hedi, silikoni ya kwenye kona inabanduka. Usogeze, urudishe, uipime kwenye dino, mashine ya kupimia nguvu ya injini, kisha uvue tena kwa ajili ya digrii inayofuata. Na dino inalipiwa kwa muda. Ndiyo maana wengi wakishafanya mara mbili wanasema "hapa imetosha" na kufunga boneti. Haijatosha. Wamechoka. Mwenye 4G63 ya Mitsubishi hana kesi hii, kava ya juu ya belti yake ni kipande cha plastiki kinachojitegemea, anakitoa na kazi inaendelea.

Kwa hiyo kata. Ninachodai ni viwili: ukikata, pima, na ukimaliza kupima, funika.

Tuanze na kupima, maana hapa kuna watu wanajidanganya mchana kweupe. Kutanguliza kemshafti ya intaki, ile ya valvu za kuingiza hewa, kunafanya valvu hizo zifunge mapema, na nguvu inahamia kwenye mizunguko ya chini. Kuichelewesha kunaipeleka nguvu juu. Kila mtu analijua hili, au anasema analijua. Wasichokikumbuka ni kwamba kwenye hizi B distribyuta, inayogawa moto kwa plagi, inaendeshwa na kemshafti hiyohiyo ya intaki. Ukitanguliza gia, umetanguliza na moto wa plagi. Kemshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo digrii moja ya kemshafti ni digrii mbili za krenki. Mtu anasogeza gia, anaendesha, anahisi gari limekuwa jepesi, anatangaza kwamba gia zake zimezaa farasi. Ndugu yangu, huenda gia hazijafanya lolote, umebadilisha taimingi ya plagi bila kujua! Kila unapogusa gia ya intaki, chukua taa ya taimingi, rudisha distribyuta ilipokuwa, ndipo ulinganishe. Usipofanya hivyo unapima vitu viwili kwa pamoja na kusifia kimoja.

Tena soma maandishi ya mtengenezaji wa gia. Wapo wanaochora alama kwa digrii za kemshafti na wapo wanaochora kwa digrii za krenki. Kosa hapo ni mara mbili, siyo kidogo. Na ukitanguliza intaki huku ukichelewesha egzosti, kemshafti ya valvu za kutoa moshi, kumbuka valvu zote mbili zinasogelea pistoni. Injini hizi hazisamehe, nafasi hiyo inapimwa kwa udongo laini juu ya pistoni kabla ya kuwasha, haipimwi kwa dua.

Sasa kufunika. Hapa ndipo hasira yangu yote ilipo.

Ile sehemu ya kava unayoikata ilikuwa na kazi. Haikuzuia mafuta, hilo ni kweli, na ndilo jibu ninalopewa kila siku: "mbona haivuji?" Haivuji kwa sababu gasketi inapita nyuma ya gia, na upande wa belti ni mkavu tangu kiwandani. Umeshawahi kujiuliza kwa nini wahandisi walihangaika kuuweka mkavu na kuufunika? Belti ni mpira wenye nyuzi ndani. Maadui zake ni mafuta, maji ya rejeta, mchanga na kitu chochote kigumu kinachoweza kuingia kati ya meno yake na gia. Boneti inalinda kutoka juu, sawa. Lakini upepo wa barabarani hautoki juu. Unaingia chini na mbele, umebeba vumbi, kokoto na matone ya maji machafu. Siku ukimimina oili kwa haraka, inamwagika juu ya kava na kutiririka mpaka kwenye ukingo. Zamani ingeishia nje ya ukingo huo. Leo ukingo huo ndio mdomo wa shimo, na ndani ya shimo kuna belti.

Halafu kuna boliti zinazodondoka. Kila fundi anazijua. Unafungua kitu kingine kabisa, klipu ya waya au braketi, nati inateleza mkononi, unasikia "ting, ting", kisha kimya. Kwenye injini iliyofunikwa, unaitafuta kwenye sahani ya chini. Kwenye injini yenye mdomo wazi, lazima uhakikishe haijakaa mahali ambapo belti itaipitia, kwa sababu ikipitia, belti inaruka meno, na injini ikiwa ya aina ambayo pistoni hugonga valvu, hadithi imeishia hapo. Valvu zimepinda. Yote hayo kwa sababu ya tundu ambalo lilihitajika siku moja ya dino, ukaliacha miaka.

Na mikono je? Gia inayozunguka kwa kasi, wazi, usawa wa kifua cha mtu anayeinama kusikiliza injini. Mkono wa shati, kamba ya kitambulisho, tambara la kufutia. Sina haja ya kuendelea.

Nitakubali jambo moja, shingo upande. Gari la mashindano ambalo belti yake inabadilishwa kila msimu, ambalo linafunguliwa na kukaguliwa kila baada ya mbio, na mwenyewe anasogeza gia kufuatana na njia anayokwenda kukimbia, huyo aache wazi akitaka. Anajua anachokifanya na anakilipia. Gari la kwenda kazini na kurudi siyo hilo, hata likiwa na stika ngapi.

Kuhusu kukata kwenyewe sina maneno mengi. Kava itoke kwenye injini kwanza. Nimeona video ya mtu anakata ikiwa bado imefungwa, eti ameziba kwa tambara! Chembe za alumini ndani ya silinda hedi zinakwenda mpaka kwenye beringi. Hata ukiikata mezani, chini ya kava kuna bati la kuzuia mafuta yasipande kwenye mpira wa hewa, na chembe hupenda kujificha nyuma yake. Ioshe, ipulize, ioshe tena. Mstari wa kukata ukae mbali na mfereji wa gasketi, usiuchezee. Na kabla ya yote hakikisha kava ni ya alumini, kwa sababu zipo za magnesiamu. Vumbi la magnesiamu likishika moto kwa cheche za grainda, maji hayauzimi, yanauchochea. Hapo tumia msumeno wa mkono na tupa, taratibu, na mchanga mkavu uwe karibu.

Usikate upande wote kama yule wa kwenye picha. Kata dirisha. Spana ya boliti za gia inahitaji nafasi ndogo tu, na unaweza kuzungusha injini kwa mkono mpaka boliti unayoitaka ije mbele ya dirisha. Zungusha kwa upande wake sahihi, na Honda hizi zinazunguka kinyume cha saa ukizitazama kutoka kwenye puli. Kingo zinazobaki ndizo zitakazoshika kifuniko. Weka nati za riveti kwenye kava, boliti ndogo nne, na utepe wa mpira unaovumilia joto. Boliti ziwe za aina isiyotoka kwenye kifuniko hata ukizilegeza, la sivyo umejitengenezea zile "ting, ting" kwa mikono yako. Kazi ya dakika chache kufungua, dakika chache kufunga. Baada ya kukaza gia, zungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa mkono kabla ya kuwasha. Ikigoma popote, simama hapohapo.

Najua kinachokuja. "Nikifunika, gia hazitaonekana." Haya, tumefika kwenye ukweli. Ilikuwa urembo, na urembo siyo dhambi, zile gia za bluu ni nzuri kweli. Basi tengeneza kifuniko cha polikaboneti. Kinaangaza, na hakilainiki mpaka karibu nyuzi 147 za selsiasi. Usidanganywe ukachukua akriliki kwa sababu inafanana, yenyewe inaanza kulegea kwenye nyuzi mia na kidogo, na juu ya injini hapo hauko mbali nazo. Kikichafuka, maji na sabuni. Usikiguse kwa petroli wala dawa ya kusafishia breki, kitajaa nyufa ndani ya siku chache, na sifa zako za picha zitakwisha.