Mfumo Endeshi wa Kontena: Tuutengeneze Dodoma au Tuuchukue Ulipo?

Wapo wataalamu wa TEHAMA jijini Dodoma wanaopendekeza kwamba Tanzania itengeneze mfumo endeshi wake (programu kuu inayoendesha kompyuta) wa Linux, ulio huria na mwepesi, uliokusudiwa kuendesha kontena tu, ili seva za taasisi za umma zisitegemee maamuzi ya kampuni za nje. Pendekezo hilo si la kubezwa. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina makao yake makuu hapa, Chuo Kikuu cha Dodoma kinatoa wahitimu wa masomo ya kompyuta kila mwaka, na wizara zilizoko Mtumba ndizo watumiaji wa kwanza wa mfumo kama huo. Suala ni kama kuanza na mfumo mpya ndiyo njia ya kufika huko.

Kontena ni programu iliyofungashwa pamoja na maktaba zote inazozihitaji, kisha ikatengwa na programu nyingine kwa kutumia uwezo uliomo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux yenyewe. Docker, zana ya kutengeneza na kuendesha kontena iliyotolewa mwaka 2013, haikubuni uwezo huo. Ilichofanya ni kuurahisisha hadi mtu wa kawaida akaweza kuutumia. Kwa kuwa kila programu sasa inakuja na mahitaji yake, seva haihitaji tena mamia ya vifurushi vya programu: kerneli, kiendesha kontena na zana chache zinatosha. Katika mifumo mingi ya aina hii, sehemu ya diski yenye mfumo husomwa tu, wala haiandikwi. Katika Flatcar, mmojawapo wa mifumo hiyo, sasisho huandikwa kwenye sehemu ya pili, mashine inawashwa upya kuingia humo, na ikishindwa kuwaka inarejea ilikotoka. Talos, mfumo mwingine wa aina hiyo, imekwenda mbali zaidi kwa kuondoa hata SSH, njia ya kawaida ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kiasi kwamba msimamizi huzungumza na mashine kupitia API peke yake, yaani kwa maagizo maalumu yanayotumwa na programu.

Kwa ofisa TEHAMA wa halmashauri kama Mpwapwa au Kondoa, faida ya mpangilio huo inaonekana upesi. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, toleo la zamani liko palepale halijaguswa. Mabadiliko madogo madogo yanayofanywa na kila anayepita kwenye seva, bila kuandikwa popote, hayawezekani tena kirahisi, kwa hiyo anayehamishiwa kituo kipya hakuti mashine ambayo siri zake zimeondoka na mtangulizi wake. (Mwenye seva moja, inayoendesha mfumo mmoja wa zamani ambao haujafungashwa katika kontena, mjadala huu haumhusu, na asishawishiwe vinginevyo.)

Upande wa usalama unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu watetezi huwa wanausema nusu. Februari 2019 ilitangazwa kasoro katika runc, programu inayoanzisha kontena, ambayo ilimwezesha mshambuliaji aliye ndani ya kontena kuandika juu ya faili ya runc kwenye seva yenyewe. Katika huduma ya Google ya Kubernetes, programu ya kusimamia kontena nyingi kwenye seva nyingi, mashine zilizokuwa hatarini ni zile za Ubuntu, mfumo wa Linux wa matumizi ya kawaida. Zile zilizotumia mfumo wa Google wa kontena, ambao sehemu yake ya mfumo haiandikiki, zilisalimika. Huo ni ushahidi mzuri. Lakini Machi 2022 ilitangazwa kasoro nyingine, Dirty Pipe, iliyokuwa ndani ya kerneli na iliyoruhusu kubadilisha katika kumbukumbu data ya faili zinazopaswa kusomwa tu. Kontena zote katika mashine moja hutumia kerneli moja, na kerneli ikiwa na tundu, wembamba wa mfumo unaoizunguka hausaidii sana. Kinachosaidia ni kiraka, yaani rekebisho la kuziba tundu hilo, tena kifike haraka.

Hoja yenye nguvu kuliko zote kwa wanaotaka mfumo wetu wenyewe ni historia ya CoreOS. Kampuni hiyo ya Marekani ndiyo iliyoupa mwelekeo uwanja huu mzima kuanzia 2013. Januari 2018 Red Hat, kampuni nyingine ya Marekani ya programu za Linux, ilitangaza kuinunua kwa dola milioni 250, na Mei 2020 mfumo wake wa Container Linux ukasitishwa. Mrithi aliyeandaliwa na Red Hat, Fedora CoreOS, ana msingi tofauti, hivyo waliohamia huko walilazimika kusimika upya seva zao. Anayeona taasisi ya umma ikitegemea uamuzi wa bodi ya kampuni iliyoko ng'ambo ana haki ya kuingiwa na wasiwasi.

Historia hiyohiyo, hata hivyo, ina sehemu ya pili. Mwaka 2018 Kinvolk, kampuni ndogo ya Berlin, ilichukua msimbo wa CoreOS, ambao ulikuwa huria, yaani yeyote aliruhusiwa kuutumia na kuubadilisha, ikauendeleza kwa jina la Flatcar. Aliyetaka kuhamia Flatcar hakusimika kitu upya. Alibadilisha anwani ya seva ya masasisho na ufunguo wa kuthibitisha sahihi ya kidijiti ya masasisho hayo, mashine ikaendelea. Kinvolk nayo ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2021, na mwaka 2024 Flatcar ikapokelewa na CNCF, taasisi inayolea pia Kubernetes, ambako haimilikiwi na kampuni moja. Kwa maoni yangu, kilichowaokoa watumiaji wa CoreOS ni leseni huria pamoja na kuwapo kwa watu waliojua kuujenga mfumo huo kutoka mwanzo.

Watu hao ndio tunaowahitaji, na hapa ndipo pendekezo la Dodoma linapolegea. Kutoa toleo la kwanza ni kazi ambayo kikundi cha wahitimu hodari kinaweza kuimaliza, kwa kuwa zana za kujengea zipo na ni za bure. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kerneli hutolewa viraka karibu kila wiki, na mwaka 2023 wasimamizi wake walitangaza kupunguza muda wa kutunza matoleo ya muda mrefu kutoka miaka sita hadi miwili. Kila kiraka lazima kijengwe, kijaribiwe kwenye seva halisi za aina mbalimbali, kitiwe sahihi ya kidijiti na kusambazwa. Ufunguo wa sahihi hiyo una uzito wa pekee: ukiibwa, mwizi anaweza kupeleka programu yake kwenye kila seva nchini kwa jina la sasisho, ukipotea, seva zote hubaki bila masasisho. Mradi unaoishi kwa bajeti ya mwaka hadi mwaka haujajiandaa kwa wajibu huo.

Liko jambo ambalo Dodoma inaweza kulifanya mapema zaidi. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini kote. Flatcar ina seva huria ya kusimamia masasisho, Nebraska, ambayo taasisi yoyote inaweza kuiendesha ndani ya nchi: toleo linavutwa mara moja kutoka nje, linajaribiwa, kisha halmashauri zinalipata kupitia Mkongo wa Taifa, mtandao wa nyaya za ndani ya nchi, kwa ratiba inayoamuliwa hapa, usiku au mwisho wa wiki.

Sambamba na hilo, timu ndogo ingeweza kwa mwaka mzima kujenga Flatcar kutoka kwenye msimbo wake, bila kubadilisha jina wala nembo, kila toleo thabiti linapotoka, na kurudisha marekebisho yake kwa mradi mama. Ikiweza kwenda na kasi hiyo bila kubaki nyuma, ombi la fedha za mfumo wa taifa litakuwa na ushahidi. Ikishindwa, seva za Kondoa na Mpwapwa zitakuwa zinaendelea kupokea matoleo yaleyale yanayotumiwa na wengine, na hakuna huduma itakayokuwa imesimama.