Tulikwenda Kula Bata, Shemeji Akarudi Amemvaa

Safari ya kwenda kuogelea jangwani wakati wa kiangazi hupangwa kuanzia nyuma. Mabwawa ya jangwani yenye maji ya maana huwa chini, ndani ya makorongo, kwa hiyo unateremka asubuhi kukiwa na ubaridi na miguu ina nguvu, halafu unapanda kurudi jua limeshashika kazi na miguu imelegea kwa maji. Mlima una heshima zake: unakuchosha kwanza, kisha unakurudisha kwa mteremko. Korongo hukukaribisha vizuri, deni unalipa ukiaga. Kule Grand Canyon, Marekani, wahifadhi huwashauri wageni wahesabu muda wa kupanda kuwa mara mbili ya ule wa kuteremka, na wakati wa kiangazi wasiwe njiani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Haya yote nilimweleza shemeji, kaka wa mke wangu. Akanisikiliza hadi mwisho, akakohoa kidogo, akasema, "Shemeji, mimi nina buti."

Na kweli alikuwa nayo. Mabuti ya ngozi, mazito, yaliyonunuliwa zamani kwa ajili ya mlima ambao haukupandwa, yakakaa kabatini ndani ya boksi lake miaka yote hiyo. Alikuwa akiyapaka rangi kila sikukuu na kuyarudisha. Raba zangu alizitazama kwa huruma.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya bwawa lenyewe. Shemeji alinitumia picha ya maji ya samawati, yamejaa hadi ukingoni. Nikamuuliza picha ilipigwa mwezi gani. Hakujua, na hilo ndilo swali pekee lenye maana. Bwawa la maji ya mvua hung'aa baada ya masika, kisha hupungua kila wiki mpaka linabaki tope la kijani ambalo hata punda hulisogelea kwa kusitasita. Bwawa la chemchemi hutokwa na maji mwaka mzima, na ukiliangalia utaona maji yanaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine. Hata hilo la chemchemi, muulize mtu aliyelifikia ndani ya wiki hiyo, kisha uliza kama panahitajika kibali, maana sehemu nyingi za namna hii hupokea idadi maalumu ya watu kwa siku.

Kwa wanaoanza nilichagua njia ya kilomita 3 kwenda, kilomita 3 kurudi, yenye mteremko wa meta 150. Hesabu ya muda ni ile ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila meta 600 za kupanda. Kurudi kwetu, kwa hesabu hiyo, ni dakika 36 za kutembea na 15 za kupanda, jumla 51. Sasa Naismith alikuwa mtu wa milima ya baridi na miguu mizuri. Ukiwa na watoto, joto na shemeji, zidisha kwa mbili. Saa moja na dakika arobaini na kitu.

Ratiba ikawa hivi: kuondoka kwenye magari saa kumi na moja na nusu alfajiri, kufika majini saa kumi na mbili na nusu, kuogelea hadi saa mbili, na kuwa kwenye magari kabla ya saa nne. Dada mkubwa wa mke wangu na shemeji, aliyebaki nyumbani, aliachiwa karatasi yenye jina la njia, namba za magari, na maelekezo: saa mbili usiku ikipita bila simu yetu, aombe msaada. Saa ya kupiga kelele lazima iwe mbali kidogo na saa ya kurudi, la sivyo utakuta waokoaji wanakutafuta wewe unakula karanga kivulini.

Maji, lita 4 kwa kila mtu mzima, na lita 10 za akiba kwenye gari. Kwenye joto kali mtu anayetembea huhitaji kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Lita 4 ni kilo 4 mgongoni, na hapo ndipo wanaoanza huanza kupunguza. Shemeji alipunguza chupa mbili ili apate nafasi ya spika. Mke wangu akaitoa spika, akarudisha chupa, bila kusema neno. Na maji matupu peke yake hayatoshi. Ukinywa mengi huku unatoka jasho bila kula chumvi, chumvi ya damu hushuka, kichwa kinauma, unatapika, unaanza kuongea mambo ya ajabu, na wenzako watadhani ni kiu wakuongezee maji mengine. Karanga za chumvi zinatosha kwa wengi. Dawa ya kujitengenezea ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Hadi hapo mipango ilikuwa imekaa sawa. Kilichofuata kilikuwa bata.

Mpwa wetu, mtoto wa shemeji, ana boya la plastiki lenye umbo la bata, la njano, lenye mdomo wa rangi ya chungwa. Likijazwa upepo, mtu mzima anaweza kukaa humo na miguu yake yote. Boya la namna hii hubebwa limekunjwa, likajazwa kwa mdomo huko huko majini, robo saa ya kupuliza kwa zamu. Shemeji akaona hiyo ni shida ya bure wakati pampu ya umeme iko kwenye gari. Akalijaza palepale. Pampu ikaleta kiburi, fyuzi ikaungua, ikatafutwa nyingine, bata akapanda taratibu kutoka mkia hadi shingo. Tulipoanza kutembea ilikuwa saa moja kamili, na jua lilikuwa limesimama pembeni linatusubiri.

"Msiwe na wasiwasi," shemeji akasema, bata kichwani. "Tunakwenda kula bata."

Kwenye korongo upepo wa asubuhi hufuata njia ileile mnayofuata ninyi. Kila kona bata alimgeuza shemeji akatazama alikotoka. Palipo pembamba alipita kwa ubavu. Tukafika majini saa mbili na robo, bata akaachiwa ajiegemeze kichakani, na kichaka kikawa cha miba. Tulisikia pumzi ndefu moja, kisha mpwa akaanza kulia.

Tukamtuliza kwa maji. Na hapa nieleze namna ya kuingia, kwa sababu bwawa la jangwani hudanganya. Maji yake ya chemchemi mara nyingi ni baridi kuliko mwili unavyotarajia, na ukijirusha ghafla unashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka. Kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, unavuta maji. Ingia kwa miguu, jimwagie kifuani na shingoni, subiri pumzi itulie. Kuruka kutoka kwenye mwamba simruhusu mtu yeyote, mpaka mwenzake awe amepima kina kwa fimbo siku hiyohiyo. Mafuriko huhamisha mchanga na magogo, na pale maji yalipomfunika mtu mwaka jana leo panaweza kuwa magotini. Mafuta ya jua nayo acha, vaa shati la mikono mirefu. Kibwawa kidogo hakina pa kuyapeleka mafuta ya watu kumi, na vyura wanaishi humo.

Shemeji aliingia na mabuti. Alisema mawe ya chini yanateleza, na kwa hilo alikuwa na haki, viatu vya kuingia majini ni jambo zuri. Ila viwe ndala zenye mkanda wa nyuma au raba kuukuu, si buti la ngozi.

Ilikuwa saa nne kasoro robo aliponiita. "Shemeji, hebu njoo. Kiatu kimeachama."

Nikaenda. Buti la kulia lilikuwa limefunguka mbele, soli inaning'inia kwenye kisigino tu. Nikaigusa, ikabaki mkononi mwangu. Kati ya soli ya mpira na ngozi palikuwa na kitu cha rangi ya njano kinachomomonyoka kama biskuti iliyosahauliwa kwenye kabati. Shemeji akanyanyua mguu wa kushoto ili tulinganishe. Soli ya kushoto haikunyanyuka.

Ile sehemu laini ya katikati, inayopunguza mshindo, kwenye viatu vingi vya milimani hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki. Unyevu wa hewa huingia humo polepole na kukatakata minyororo ya molekuli zake, hata kama kiatu hakijawahi kukanyaga vumbi. Kinachovaliwa mara kwa mara hudumu kuliko kinachotunzwa, na boksi lililofungwa kwenye kabati lenye joto huharakisha kazi. Rangi ya juu haionyeshi lolote, ngozi inang'aa vilevile. Kipimo chake ni dole gumba: bonyeza pembeni mwa soli kwa nguvu, ikunje mbele mara kadhaa, kisha tembea nacho saa moja karibu na nyumbani. Kikitoa nyufa au unga, kimekufa.

"Lakini ni mapya," shemeji akasema.

"Kaka," mke wangu akasema, "hayo yana umri wa mwanao."

Saa nne. Wenye haraka walitaka tuondoke, shemeji avae soksi. Nikakataa. Mchanga wa jangwani adhuhuri unaweza kupita nyuzi 60, mwamba mweusi vivyo hivyo, na soksi mbili hazina jibu la hapo. Pia tungekuwa kwenye mpando saa sita mchana. Tukahamia chini ya ukuta wa korongo wenye kivuli, juu kidogo ya alama ya maji ya zamani. Alama hiyo hutafutwa kabla ya kuketi popote: vijiti na nyasi kavu zilizonasa kwenye vichaka. Mvua ikinyesha mlimani mbali, korongo linaweza kujaa huku juu yenu hakuna hata wingu. Ndiyo maana utabiri unaosomwa ni wa kule mto unakotoka, na maji yakianza kuwa ya udongo au kubeba vijiti, mnapanda juu, vitu mnaviacha.

Sasa viatu. Mimi hubeba meta 3 za utepe wa gundi, ule mpana wa kitambaa, nimeuzungusha kwenye chupa ya maji badala ya kubeba roli zima. Ila haushiki kwenye ngozi iliyolowa wala yenye mchanga, na mabuti yalikuwa na vyote viwili. Tukayaweka juani. Soli zenyewe hazikuwa na pa kushikia, maana kilichozishika kilikuwa kimekuwa unga. Palihitajika kitu kinene, kinachokunjika, kisichotoboka upesi.

Sote tukamtazama bata.

Mazungumzo na mpwa yalichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Alikubali mwili ukatwe. Kichwa, alisema, hakikatwi. Baba yake akaomba, akaahidi, akatishia kidogo. Kichwa hakikatwi. Basi bata akakatwa kwa sharti hilo: vipande vinne kwa kila mguu, vikapangwa chini ya buti, soli ya zamani ikarudishwa chini yake kuwa ya nje. Kamba ya kiatu ikapita kwenye matundu ya mbele, ikazunguka chini ya upinde wa mguu, ikafungwa juu. Ikipita chini ya vidole italika ndani ya nusu kilomita, pale kwenye upinde haigusi ardhi. Utepe ukamalizia, kuanzia kidoleni kurudi nyuma, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia. Kile kipande chenye shingo kikaangukia mguu wa kulia, kichwa kikatokea mbele, mdomo wa chungwa ukitazama njia.

Muda uliobaki tulilala, tukala karanga, tukajaza chupa kutoka pale maji yanapoingia, si katikati tulikoogelea, tukatia vidonge vya kusafisha na kungoja nusu saa. Saa kumi na robo tukaanza kupanda. Tulisimama kila baada ya nusu kilomita kukagua utepe. Ulianza kulika mbele, kama kawaida yake, na kipande cha akiba kilichobaki kwenye chupa kikamaliza kazi. Mwendo ulikuwa wa taratibu kweli, Naismith angelia, lakini hakuna aliyeungua mguu. Shemeji alijifunza kunyanyua goti la kulia juu zaidi ili bata asijikwae.

Karibu na magari tulikutana na vijana wawili wanateremka. Wakasalimia, "Shikamooni," halafu macho yakashuka miguuni.

"Mzee, samahani. Hivyo viatu ni vya aina gani?"

Shemeji hakutabasamu. "Vya majini na nchi kavu."

"Vinapatikana?"

"Cha kushoto naweza kukutafutia."

"Cha kulia hakiuzwi," mpwa akasema. "Kichwa ni changu."